Ukurasa wa Ishirini na Mbili

Hakuna aliyemlazimisha Adrienne kuyasema yale. Aliyasema kwa kinywa chake, Alhamisi moja ya mwezi wa pili mwaka 2011, katika chumba cha mikutano cha Husby, Stockholm, chenye meza za kukunja na chupa mbili za kahawa, mbele ya watu watano na kinasa sauti. Alisema: mimi ndiye niliyelikunja parachuti lililomuua Mashauri. Andikeni. Na jina langu liandikeni lote, msifupishe.

Wakaandika. Ikawa ukurasa wa ishirini na mbili.

Waswidi wana jambo lao wanaloliita studiecirkel. Mkiwa watu wachache mnaotaka kujifunza kitu, kiwe kufuga nyuki au kuimba, mnapewa chumba na kahawa, na mwisho wake hata kijitabu chenu kinachapishwa. Gédéon, aliyekuwa naibu kamanda enzi hizo na ambaye hadi leo Wakongo wote wa Stockholm humwita Komanda, ndiye aliyepata wazo la kuandika historia ya kikosi chao kabla wote hawajazeeka wakaanza kudanganyana. Kilikuwa Kikosi cha Msaada wa Mafunzo cha kambi ya Mulonde, kule Katanga, na wenyewe walikiita Apui, yaani msaada kwa Kifaransa. Apui hakikuwahi kumpiga mtu risasi. Kazi yake ilikuwa kujaza mafuta, kuziba matairi, kupima upepo, kuosha ndege na kukunja maparachuti, ili vijana waliokuwa wakijifunza kuruka warudi wote mezani wakati wa kula.

"Waliofyatua bunduki wameandikwa," Komanda alikuwa akisema huku akigonga meza hadi vikombe vikacheza. "Waliojaza pumzi tairi, nani atawaandika?"

Basi wakakutana kila Alhamisi: Komanda, mafundi wawili wa injini, Adrienne, mumewe Baudouin aliyekuwa mtunza ghala wa kikosi, na Mkenya mmoja, Mwaura. Huyu Mwaura alikuja siku ya kwanza akidhani ni darasa la kompyuta. Walipoona ana kompyuta yake na anaandika kwa vidole vyote kumi, hawakumruhusu kuondoka. Akawa mwandishi wao, na kahawa yao ikamkolea.

Ili mtu aelewe ukurasa wa ishirini na mbili, lazima ajue mambo mawili ya Apui.

La kwanza ni kadi. Hakuna parachuti lililotoka ghalani bila kadi ndogo mfukoni mwake yenye namba, tarehe na saini ya aliyelikunja. Pale Mulonde mkunjaji mwenye ruhusa alikuwa mmoja tu, na alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye vidole virefu, Adrienne. Rubani hakuuliza parachuti limekunjwa vipi. Aliitazama kadi, akiona saini ya Adrienne anafunga mikanda yake.

La pili ni gauni. Parachuti likimaliza miaka yake lilistaafishwa: namba yake, iliyopigwa mhuri kwenye pindo, ilikatwa kwa mstari wa wino mwekundu, na kitambaa chake kikawekwa kando kikimsubiri mwanakikosi atakayeoa. Mabibi harusi wote wa Apui waliolewa ndani ya parachuti. Watu wa mjini waliwacheka kwamba upepo ukivuma kanisani bibi harusi atapaa, nao Apui walijivuna kwa mzaha huo kuliko kwa nishani yoyote.

Adrienne na Baudouin walifunga ndoa mwezi wa tisa mwaka 1996. Vita vilikuwa vimeshaanza kunguruma mashariki, na mafunzo ya miezi yakawa yanafanywa kwa wiki. Juma lile la mwisho kabla ya likizo ya harusi mvua ilipenya paa la ghala ikalowesha kadi. Adrienne alikuwa na haraka. Akasaini kadi kumi tupu, akampa mchumba wake aziandike namba na tarehe yeye mwenyewe, kwani maparachuti yenyewe si alikuwa ameshayakunja? Ni kosa ambalo watu wa Apui peke yao wangeweza kulifanya, watu waliozoea kuamini saini kuliko macho. Kisha akaenda kuolewa katika gauni jeupe kiasi kwamba mafundi wa injini waliogopa kumshika mkono.

Tarehe kumi na tisa mwezi wa kumi, injini ya ndege ya mafunzo ilishika moto angani. Mwalimu aliruka, parachuti lake likafunguka. Mwanafunzi wake, Mashauri, kijana wa miaka ishirini na mbili kutoka Uvira, naye aliruka, lakini lake halikumsaidia kitu. Mfukoni mwa parachuti hilo ilikutwa kadi: namba thelathini na moja, saini ya Adrienne.

Alifungiwa kasho, jela ya kambi, siku arobaini na moja, akipigwa na baridi ya sakafu, hadi vita vilipokaribia na kila mtu akakimbia na lake. Hakujitetea. Alijaribu kukumbuka siku aliyolikunja namba thelathini na moja, akashindwa, na kushindwa kwenyewe akakufanya ushahidi. Mikono yangu ilikuwa ghalani, alijiambia, lakini akili ilikuwa harusini. Tangu siku hiyo hakuiamini tena mikono yake. Hata Märsta huku Uswidi, miaka kumi na mitano baadaye, alikuwa akifunga mlango wa nyumba, anafika kituoni, anarudi kuhakikisha kwamba ameufunga.

Na katika siku zote arobaini na moja Baudouin alimletea bukari, ugali wa kwao, na mboga mlangoni, kwa mikono miwili, hakukosa hata siku moja. Watu walimsifu. Mwanaume mwingine, walisema, angemkimbia mke wa namna hiyo. Adrienne alikubaliana nao kabisa. Alimpenda mume wake kwa shukrani, na shukrani ya namna hiyo humwinamisha mtu shingo asijue.

Sasa, mwezi wa tisa 2011, kijitabu kilikuwa tayari kwenda kuchapishwa. Komanda aliagiza kila mmoja alete kitu cha kikosi Alhamisi ili Mwaura akipige picha. Fundi mmoja alikuwa na spana, mwingine kofia. Adrienne alikuwa na gauni. Lilikuwa limevuka naye ziwa Tanganyika ndani ya mfuko wa sukari, likawa chandarua katika kambi ya wakimbizi, likawa shuka la mtoto, na sasa lilikuwa limelala katika sanduku juu ya kabati la nyumba yao ya Märsta, jepesi bado na jeupe bado. Jumatano alirudi saa nane kutoka kazini, kusafisha ndege pale uwanja wa Arlanda, akalitandika juu ya meza ya jikoni. Alitaka picha ioneshe mhuri wa namba. Fundi cherehani wa siku zile alikuwa amelikunjia pindo ndani, hivyo akachukua mkasi mdogo akaanza kufumua uzi.

Baudouin alikuwa amemwambia tangu mwanzo kwamba gauni lile ni namba kumi na mbili, lililostaafishwa mwaka uliotangulia.

Binti yao Emmanuella, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa anakula mkate upande wa pili wa meza. Aliinamia kitambaa.

"Det står trettioett, mamma."

"Sema Kiswahili."

"Thelathini na moja. Imeandikwa hapa."

Adrienne alikivuta kitambaa karibu na dirisha. Tatu, halafu moja, kwa wino mweusi wa kambi. Alitafuta mstari mwekundu kwa kidole, akautafuta mbele na nyuma ya pindo kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Haukuwepo. Kitambaa kile hakikuwahi kustaafishwa. Kilikuwa kizima, kipya, chenye miaka yake yote mbele, siku alipokivaa mbele ya padri.

Akaketi. Kama namba thelathini na moja lilikuwa kanisani limevaliwa na yeye, basi si lile lililoruka na Mashauri. Mtu alichukua zee lililostaafishwa, akalikunja mwenyewe, akalitilia kadi iliyosainiwa tupu. Na kadi kumi tupu zilikuwa mkononi mwa mtu mmoja tu duniani.

"Mamma? Vad är det?" Emmanuella aliuliza kuna nini.

"Nenda chumbani kwako, mama. Nenda usome."

Baudouin aliingia saa kumi akiwa na sare yake ya kupakia mizigo, akavua viatu mlangoni, akaliona gauni, akaliona pindo limefumuliwa. Hakuuliza ni nini. Alikuwa mtu wa ghala, alijua kusoma namba kutoka mbali. Akasimama na kiatu kimoja mkononi.

"Baba Emma," Adrienne alisema, "niko nakuuliza mara moja tu. Hii namba ni ya nani?"

"Mama Emma, acha nikae kwanza."

"Sema ukiwa umesimama."

Alisema. Yaliyostaafishwa yote yalikuwa ya njano, yana ukungu, yananuka panya. Alitaka mke wake ang'ae. Mafundi walikuwa wameanza kumcheka kwamba mtunza ghala mzima atamvika bibi harusi matambara. Akachukua zima, namba thelathini na moja. Akaliosha moja bovu, akalikunja kama alivyokuwa akimwona Adrienne anavyokunja, akalirudisha kwenye rafu.

"Ni nani alirukaga pale?" aliuliza, sauti ikipanda. "Miaka kumi na moja ya Apui, ni nani alirukaga? Marubani walikuwa wanayakalia tu kama mito! Nilisema mwezi ukiisha litakuja jipya kutoka makao makuu, nitabadilisha, hakuna atakayejua. Kisha vita."

"Na mimi nikaingia kasho."

"Nilikuletea chakula kila siku."

"Ulinifungisha halafu ukaniletea bukari!" Adrienne alipiga meza, gauni likateleza sakafuni, hakuna aliyeliokota. "Siku arobaini na moja unanitazama kupitia nondo, unasema, kula mke wangu, jipe moyo. Na mwezi wa pili nikiongea kwenye ile mashine, ulikuwa wapi? Si ulikuwa umekaa pembeni yangu unakoroga kahawa?"

Baudouin alikumbuka ile kahawa, ilionekana usoni mwake.

"Miaka kumi na mitano nilikuwa namshukuru Mungu kwa ajili yako," Adrienne alisema, na hapo ndipo alipolia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. "Kesho naenda kwa Komanda. Ule ukurasa unabadilika."

Ndipo mume wake akasema neno ambalo Adrienne alikuja kulirudia moyoni kwa muda mrefu, akilishangaa kila mara upya.

"Mama Emma, weye watu walishakusamehe. Umeshazoea. Mimi wataanza na mimi upya. Emma ataniona vipi?"

Umeshazoea! Kana kwamba aibu ni kiatu, kikishapanuka mguuni hakuna haja ya kukivua. Adrienne alimtazama mtu huyu aliyelala naye kitanda kimoja nchi tatu, akaona kwamba amesema kwa nia njema kabisa, kwamba amelifikiria jambo hili miaka mingi na kuliona ni hesabu ya haki. Alipochukua mto wake kwenda kulala kwa Emmanuella, Baudouin alimfuata hadi mlangoni.

"Nenda kwa Komanda ukitaka," alisema. "Lakini kwa Asifiwe usiende. Nakuomba. Kwa Asifiwe usiende."

Adrienne alidhani ni woga. Asifiwe alikuwa dada mdogo wa Mashauri. Nani asingemwogopa?

Alhamisi alifika Husby saa moja kabla ya wengine. Komanda alikuwa peke yake, anapanga vikombe. Adrienne alimweleza kila kitu kwa kifupi na akamwonesha pindo la gauni. Komanda alivaa miwani yake, akaitazama namba, akavua miwani. Alikuwa ndiye aliyeandika ripoti ya ajali mwaka ule, ndiye aliyekiona kitambaa kilichotoka na Mashauri kabla hakijazikwa.

"Lilikuwa la njano?" Adrienne aliuliza. "Lile lililoanguka naye. Lilikuwa la njano?"

"Mama Emma, vilikuwa vita. Kila kitu kilikuwa na vumbi."

Hakushangaa hata kidogo. Hilo ndilo Adrienne aliloliona. Mtu anaambiwa kwamba historia yake yote ina uongo katikati, hapigi hata kelele, anarudi kupanga vikombe. Aliyekubali kwamba kitambaa kilikuwa kizee angepaswa kueleza ghala la kikosi lilikuwa linakaguliwa na nani, na aliyepaswa kulikagua alikuwa naibu kamanda, Komanda mwenyewe.

"Kijitabu kinakwenda Jumatatu," Komanda alisema. "Kimewekwa kwa kumbukumbu ya Mashauri, na familia yake ilisaini kwamba imekubali maandishi. Siwezi kugusa mstari hata mmoja wa kifo chake bila Asifiwe. Akisaini mapya, nabadilisha. Asiposaini, unabaki hivyo hivyo. Na mimi ningekushauri, dada yangu, uache. Tulikuwa tunataka kitabu cha heshima."

"Heshima ya nani?"

Komanda aligundua kwamba sukari imepungua, akatoka kwenda kununua.

Mwaura aliyekuwa amefika katikati ya mazungumzo, na koti lake bado limefungwa vifungo vyote, ndiye pekee aliyekasirika sawasawa. "Aki, mama, hii ni unyama," alisema, "na nimeandika mimi mwenyewe na hivi vidole!" Akafungua kompyuta. Wakaandika pamoja mistari mitatu, akaichapa hapo hapo kwenye mashine ya ofisini. Ilisema kwamba parachuti alilovaa Mashauri halikuwa namba thelathini na moja bali lililostaafishwa, kwamba mtunza ghala Baudouin ndiye aliyelikunja na kulitilia kadi, na kwamba Adrienne hakuligusa. Chini Mwaura aliacha nafasi ya saini.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Adrienne ya kwenda kwa Asifiwe hata hivyo.

Hili nalo lina historia yake. Asifiwe alikuja Uswidi mwaka 2004 na watoto wawili wadogo, bila mume, akapata nyumba Rågsved. Siku Adrienne aliposikia kanisani kwamba dada yake Mashauri yuko mjini, hakulala. Alikwenda, akapiga goti mlangoni juu ya zulia la kufutia miguu, akasema mimi ndiye. Asifiwe alilia sana, kisha akamwinua. Tangu hapo, kila Jumamosi ya pili, Adrienne alipanda treni kutoka Märsta hadi mjini, kisha treni ya chini ya ardhi, njia ya kijani, hadi Rågsved, kumsuka Asifiwe nywele, kumsuka na binti yake, kupika, kukaa na watoto wakati mama yao yuko kazini akihudumia wazee majumbani mwao. Na kila tarehe kumi na tisa ya mwezi wa kumi alipika chakula cha marehemu, akapiga goti tena pale pale mlangoni kabla ya kula. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alikuwa ameanzisha mwenyewe, na kwa kuwa Asifiwe hakumkataza, aliona inapokelewa.

Na ukweli usemwe, alipapenda. Hapakuwa na mahali pengine Stockholm alipocheka kama jikoni kwa Asifiwe.

Jumamosi hiyo watoto walikuwa wamekwenda mpirani. Asifiwe aliketi chini kwenye mto, mabega katikati ya magoti ya Adrienne, akisimulia mzee mmoja wa kazini anayekataa kunywa dawa mpaka aimbiwe. Adrienne aligawa nywele, akaanza twende kilioni upande wa kushoto. Alitaka amalize kichwa kwanza ndipo aseme. Alipofika katikati alishindwa. Akafuta vidole vyake vya mafuta kwenye taulo, akatoa karatasi ya Mwaura mfukoni, akaipitisha juu ya bega la Asifiwe.

"Soma, mdogo wangu. Soma polepole."

Akarudi kusuka, kwa sababu hakujua aipeleke wapi mikono. Alikuwa anasubiri kichwa kile kiruke. Msusi humjua mtu kwa shingo: akistuka inakaza, akilia inatikisika. Adrienne alisubiri, vidole viko pale pale kwenye ngozi ya kichwa, na shingo ya Asifiwe haikukaza wala haikutikisika. Ilishuka kidogo tu, taratibu.

"Amekwambia lini?" Asifiwe aliuliza.

"Nani?"

"Baba Emma. Amekwambia lini?"

Vidole vya Adrienne vilisimama.

"Hajaniambia," alisema. "Niliiona namba mwenyewe, Jumatano. Asifiwe. Weye ulijua?"

Asifiwe hakugeuka. Karatasi ilikuwa juu ya mapaja yake, akainyoosha mikunjo kwa kiganja, akainyoosha tena.

"Alikuja hapa mwaka 2006, baada ya Pasaka," alisema. "Alilia, dada, mpaka nikamwonea huruma. Akasema yote, gauni, kadi, yote. Nikamwambia, mimi nimesamehe, lakini nenda umwambie mke wako. Akasema ndiyo, wiki hii hii. Nikasubiri. Kila ukiingia hapo mlangoni nilikuangalia uso nione kama umeambiwa."

"Miaka mitano."

"Mwanzo nilisema ni kazi yake kusema, si yangu."

"Na baadaye?"

Nje, watoto wa watu walikuwa wanagombania baiskeli kwa Kiswidi.

"Baadaye niliogopa," Asifiwe alisema. "Watoto walikuwa wadogo. Mimi zamu za usiku, zamu za Jumapili, sina mama, sina shangazi, sina mtu nchi nzima hii anayenibishia hodi. Nikasema, huyu anakuja kwa sababu ya deni la Mashauri. Akijua hana deni, atakuja kufanya nini tena? Ningekwambia, ungeacha kuja."

Adrienne aliangalia kile kichwa kilicho mbele yake, nusu kimesukwa mistari safi, nusu nywele zimesimama. Mumewe alikuwa amemvunja Jumatano, lakini Jumatano ile alikuwa bado na mahali pa kwenda Jumamosi. Sasa aliwaza habari moja tu, akaisema.

"Nilipiga goti."

"Dada..."

"Hapo mlangoni. Mwaka juzi goti lilikuwa limevimba, ukaniletea mto niliweke juu yake. Ulikuwa unajua, ukaniletea mto."

Asifiwe alianza kulia, na sasa ndiyo shingo yake ilitikisika. Alinyoosha mkono akachukua kalamu juu ya kiti, akaiweka karatasi kwenye sakafu, akasaini jina lake lote bila kufupisha, pamoja na tarehe. Akaipitisha nyuma juu ya bega lake bila kugeuka.

Adrienne aliisoma saini mara mbili. Jina lake lilikuwa limesafishwa. Lilikuwa jambo alilolitaka kuliko lolote duniani tangu Jumatano, na sasa alikuwa nalo mkononi na hakusikia chochote. Aliikunja karatasi mara nne, akaiweka mfukoni, akaondoa magoti yake taratibu pembeni mwa mabega ya Asifiwe, akasimama kutafuta koti.

"Unakwenda wapi? Dada Adrienne, nisamehe. Kaa. Nimesaini, si unaona nimesaini?" Asifiwe alikuwa amepiga magoti sasa, mkono mmoja umeshika zile nywele zisizosukwa. "Kesho niko na kanisa. Nitatokaje hivi?"

Adrienne alivaa kiatu cha kushoto, akavaa cha kulia. Mlangoni aligeuka. Hakuwa analia tena.

"Ulikosea, Asifiwe," alisema. "Ungeniambia, ningekuja vilevile. Ningekuja kila Jumamosi, ningekusuka, tungecheka. Ningekuja kwa sababu ni weye." Alifungua mlango, akaliruka lile zulia la kufutia miguu bila kulikanyaga. "Sasa ndiyo siji."

Akashuka ngazi, akaenda kituoni kungoja treni.